Badilisha Namba, Usifute

Jumatatu, 4 Oktoba 1999

Nimefungua chuo chetu cha kompyuta saa moja na nusu. Nimewasha mashine nane, moja moja, kwa sababu nikiziwasha pamoja fyuzi inakatika. Mashine namba tano bado inakoroma. Ni vumbi la simenti kutoka duka la chini. Nimepangusa vioo vyote. Wanafunzi kumi na wanne asubuhi, tisa jioni. Mercy amefundisha kupiga chapa, mimi nimefundisha mengine yote.

Zamani mengine yote yalikuwa ya Njue.

Wiki ya nane leo tangu Njue, mume wangu, aondoke. Aliacha barua ya mistari mitatu juu ya kibodi ya mashine namba moja. Kwamba amepata mtu mwingine. Kwamba nisimtafute. Kwamba chuo ni changu. Sikuonyesha mtu ila mama yangu. Hapa mjini Meru nasema amepata kazi Nairobi, na watu wanaitikia kwa heshima, na wote wanajua ni uongo.

Ukitazama habari za mfumo kwenye mashine yoyote, inaandika: imesajiliwa kwa Njue. Mara nane. Siku hizi sipitii hapo.

Jumatano, 6 Oktoba

Barua ya watu wa mtihani. Mkaguzi atakuja Ijumaa tarehe 29 kuona kama tunafaa kuwa kituo cha mtihani. Wanataka meza, mwanga, choo, mlango wa pili. Hayo tunayo. Halafu kifungu cha saba: kila mashine iwe na leseni yake ya Windows, karatasi iwepo, na namba iliyo kwenye karatasi iwe ndiyo iliyo ndani ya mashine.

Mashine zetu zote nane zina namba ile ile moja ya leseni. Njue aliweka mfumo kutoka CD moja, mwaka jana, kwa haraka ya kufungua. Alisema tutarekebisha baadaye. Wengi hufanya hivyo. Haipunguzi kosa.

Tusipopita, wanafunzi ishirini na tatu hawana pa kufanyia mtihani Novemba. Kuna mwalimu wa shule ya msingi kutoka Timau anayeshuka na baridi yote ile, Jumanne na Alhamisi, miaka hamsini na mbili, vidole vigumu. Amenunua shati jipya kwa ajili ya siku ya mtihani. Alinionyesha mwenyewe.

Nimesoma barua mara tatu. Nimemlaani Njue kwa sauti, na Mercy akajifanya hakusikia.

Jumanne, 12 Oktoba

Bahasha kubwa posta. Karatasi nane za leseni, kila moja na namba yake, herufi na tarakimu ishirini na tano, tano tano. Zimeagizwa Julai. Mwandiko wa Njue kwenye fomu. Zimelipiwa.

Mwenye leseni: Kathambi. Jina langu peke yake. Jina lake halipo popote.

Kwa hiyo Julai alikuwa ameshapanga. Aliketi mezani kwangu, akalala kando yangu, akazima taa za chuo na mimi kila jioni, na tayari ameshajitoa kwangu kwenye karatasi. Mwezi mzima kabla ya barua. Nilifikiri siwezi kuumia zaidi. Naweza.

Alhamisi, 14 Oktoba

Nimepiga simu Nairobi kwa waliouza leseni. Fundi wao anasema ni rahisi: futa kila kitu kwenye mashine, weka mfumo upya kwa CD ile ile, ukiulizwa namba uandike mpya. Kuja Meru hawawezi kabla ya katikati ya Novemba.

Kufuta. Ndani ya mashine hizo kuna kazi za mwaka mzima za wanafunzi, ndizo theluthi ya alama zao. Disketi tulizo nazo nusu zimeharibika. Namba tano na namba sita hazisomi disketi kabisa. Na CD hata sina. Njue aliichukua pamoja na daftari lake la ufundi.

Nimekaa kwenye ngazi nikahesabu siku. Kumi na tano.

Jumamosi, 16 Oktoba

Ruiri kwa mama. Tumekoboa mahindi. Amesema mwanamume akiondoka kwa miguu yake asifuatwe. Nimemwambia simfuati yeye, naifuata CD. Akaendelea kukoboa.

Sina anwani yake ila kwao, Gachoka. Kama anaishi na huyo mwanamke mahali pengine, mama yake atajua. Nitakwenda Jumatano, ni sikukuu, chuo kimefungwa. Nitasimama nje. Nitachukua CD. Sitakunywa hata chai.

Jumatano, 20 Oktoba. Gachoka

Naandika kwenye karatasi nyuma ya ratiba, nitabandika baadaye.

Nilifika Embu saa tatu, Gachoka saa tano na jua limeshakuwa kali. Nyumba ya mama mkwe iko nyuma ya soko, kupita kisima. Mbuzi wanne, ua mkavu, mtama umeanza kuota. Nilikuwa nimepanga maneno njia nzima. Mama mkwe alitoka jikoni na kikombe mkononi, akaniona, akakaa chini papo hapo kwenye mavumbi.

Akasema, "Umekuja. Mimi nilimwambia atume mtu, akakataa."

Nikauliza yuko wapi na mke wake. Akasema, "Mke gani? Ni wewe tu."

Njue amelala chumba cha nyuma. Sikumjua. Naandika hivyo kwa sababu ndio ukweli. Nilitazama kitandani nikafikiri ni mzee fulani wa ukoo. Mikono imebaki mifupa. Shingoni kitambaa. Macho tu ndiyo yake.

Ni koo. Saratani ya koo. Alianza kukwama na chakula Mei, akanificha, akawa anasema amekula mjini. Julai aliniambia anakwenda Nairobi kutafuta vipuri. Alikwenda kupigwa picha. Daktari alimwambia imeshuka mbali, kwamba wangeweza kumpasua na kumchoma kwa miale, kwamba ni gharama kubwa na haitamwongezea muda mrefu. Akaagiza leseni. Akaandika barua. Akaja huku kufa.

Hakuna mwanamke. Hakujawahi kuwa na mwanamke.

Nililia kwa hasira. Nilipiga ukuta kwa kiganja, na udongo ukamwagika. Yeye akangoja nimalize, kama alivyokuwa akingoja mashine iwake. Sauti imekwisha, imebaki pumzi tu, lazima uiname.

Alisema, "Ningekuambia, ungeuza mashine."

Nikasema, "Ndiyo. Ningeuza zote."

Akasema, "Ndiyo maana."

Nikamwambia hakuwa na haki. Nikamwambia, "Ulinichagulia. Mimi ni mke wako na ulinichagulia." Aliweka mkono wake juu ya wangu na haukuwa na uzito wowote.

Nimembeba kumtoa nje kwenye kivuli. Mimi peke yangu. Ni mwepesi hivyo.

Alhamisi, 21 Oktoba. Gachoka

Uji wa mtama uliochujwa mara mbili. Vijiko sita vimechukua nusu saa. Viwili vimerudi.

Nimemwambia nitauza mashine leo hii, nimpeleke Nairobi. Ametikisa kichwa. Nimemwambia basi nitabaki hapa, chuo kife. Hapo amekasirika. Hasira yake ndiyo iliyonikumbusha kwamba ni yeye. Akauliza kwa nini nilikuja. Nikamweleza mkaguzi, namba, kufuta, CD.

CD imo kwenye begi lake, imepasuka katikati. Ilikaliwa na mtu kwenye basi.

Alinitazama, halafu akatabasamu. Akaomba daftari lake la ufundi na penseli. Aliandika kwa herufi kubwa, anapumzika kila mstari. Mstari wa kwanza: USIFUTE. BADILISHA NAMBA TU.

Kumbe inawezekana. Windows ina daftari la ndani, inaandika humo kila kitu inachojua kujihusu: rangi, printa, jina la mwenyewe, namba ya leseni. Kuna kiprogramu cha kulifungulia, kimekaa humo humo siku zote, hakionyeshwi kwenye menyu. Unakwenda kwenye Run, unaandika regedit, unashuka ngazi kwa ngazi mpaka ukurasa wenye namba. Unaifuta ile ya zamani, unaandika mpya, unazima, unawasha. Kazi za wanafunzi haziguswi. Si lazima CD.

Lakini kabla ya yote, nakili lile daftari. Ni faili mbili zilizofichwa, system.dat na user.dat. Ziweke kando kwenye folda, uite Akiba. Amepigia mstari mara mbili. Ukikosea ukurasa ule mashine inaweza isiwake tena, na hiyo Akiba ndiyo itakayoiokoa.

Amenifanya nirudie hatua zote kwa mdomo, mara tatu, kama mwanafunzi. Nikikosea anagonga ubao wa kitanda kwa penseli.

Mwisho ameandika kwamba kando ya namba kuna mstari wa jina la mwenyewe. Nibadilishe na huo. Karatasi ni zako, ameandika, mkaguzi ataangalia.

Nimemwambia sitafuta jina lake. Amesema kwa ile pumzi yake, "Kathambi, si mimi. Ni jina kwenye mashine."

Mpumbavu. Nampenda. Nimekuwa mke wa huyu mtu miaka sita, mtoto hatukupata, na leo ndiyo siku tumeongea zaidi.

Ijumaa, 22 Oktoba

Nimerudi Meru. Hakutaka niage kwa muda mrefu. Tumepatana nitarudi Jumamosi tarehe 30, mara tu mkaguzi akiondoka, nikae mpaka mwisho. Nimemwambia anisubiri. Ni jambo la kijinga kumwambia mtu. Aliitikia kwa kichwa.

Nimemweleza Mercy ukweli wote. Amelia kuliko mimi.

Jumamosi, 23 Oktoba

Mashine namba moja. Daftari lake limefunguliwa mapajani. Nimenakili faili mbili, Akiba. Nimeshuka ngazi kwa ngazi.

Namba ya zamani ilikuwepo pale. Chini yake jina lake, herufi nne, zimekaa kimya.

Nimeandika namba mpya. Nimeihakiki kwa karatasi, herufi kwa herufi, Mercy akisoma kwa sauti. Halafu jina. Nilikaa na mshale juu yake kwa muda mrefu. Niliandika langu. Nikazima, nikawasha.

Ikawaka. Haikuuliza chochote. Kazi za wanafunzi zipo zote. Namba ni ile ya kwenye karatasi. Imesajiliwa kwa Kathambi.

Nilikwenda chooni nikafunga mlango.

Jumapili, 24 Oktoba

Kanisani. Nilitaka kuomba apone, nikaona aibu, kama kumwomba Mungu jambo ambalo ameshalikataa kwa maandishi. Nikaomba asubiri tarehe 30. Siku sita tu.

Mchana mashine namba mbili na namba tatu. Sawa zote.

Jumatatu, 25 Oktoba

Namba nne imekataa kuwaka.

Nilikuwa mchovu. Nilifuta mstari ambao si wangu kufuta, sijui hata ulikuwa wa nini. Nilipowasha, kioo cheusi na maneno meupe, basi. Ndiyo yenye kazi ya yule mwalimu wa Timau, kurasa arobaini za hesabu ya mifugo ya wazazi wa shule yake. Alikuwa ameketi nyuma yangu anangoja zamu. Alikunja mikono tu.

Niliingia kwa ule upande mweusi wa amri, kama Njue alivyoandika. Nikarudisha faili mbili kutoka Akiba. Nikawasha. Nikahesabu moyoni. Ikawaka.

Mwalimu akasema, "Asante, Madam." Nikamwambia amshukuru bwana wangu. Akauliza hali yake ya Nairobi. Nikasema hayuko Nairobi, yuko kwao, ni mgonjwa sana. Ni mara ya kwanza nimesema mbele ya mtu wa nje. Vidole vyote vikasimama juu ya kibodi.

Nimerudia namba nne kwa uangalifu. Imekubali.

Jumatano, 27 Oktoba

Nane zote. Nimemaliza saa kumi na moja. Nimezipitia moja baada ya nyingine. Jina lake halipo tena mahali popote ndani ya chumba hiki. Nilifanya kazi nzuri. Nachukia jinsi ilivyo nzuri.

Nimepiga simu kwenye duka la pale Gachoka, wakamwita mama mkwe. Nimengoja simu ikiwa wazi dakika nyingi. Anasema maji sasa hayapiti. Anasema Njue anauliza kila asubuhi ni tarehe ngapi.

Nikasema nakuja usiku huu huu. Akaondoka kumuuliza, akarudi. "Anasema umalize. Anasema utamuudhi."

Sikwenda.

Ijumaa, 29 Oktoba

Mkaguzi alifika saa nne. Mtu mpole, miwani, mkoba wa ngozi. Alipima mlango. Aliwasha na kuzima taa. Aliuliza kama mashine zitasimama mwaka elfu mbili ukifika, nikasema hatujui ila tumejitayarisha. Halafu akatandaza karatasi nane mezani, nikamfungulia ule ukurasa kwenye kila mashine. Alisoma namba zote kwa kidole. Zote. Kwenye mashine namba tano alitaka kujua ni nani aliyeziwekea mfumo upya bila kupoteza kazi za watu, kwa sababu vyuo viwili alivyotoka wamefuta kila kitu na wanafunzi wanalia.

Nikasema haikufutwa. Nikasema mume wangu alinifundisha.

Alitia sahihi. Sisi ni kituo. Mercy alipiga makofi. Wanafunzi waliokuwa kwenye ngazi wakaanza kuimba.

Mwenye duka la chini akapanda akisukuma watu. Alisema kuna simu.

Alifariki saa tatu asubuhi. Mama yake alikuwa amemshika. Alikuwa ameshauliza tarehe.

Saa tatu nilikuwa napanga viti.

Jumamosi, 6 Novemba

Tumemzika jana. Ardhi ngumu, walichimba kwa zamu. Mama yangu alikuja kutoka Ruiri, akakaa na mama mkwe kwenye mkeka mmoja, kila mmoja na lugha yake. Wanafunzi kumi na saba walikuja. Mwalimu wa Timau alivaa lile shati jipya.

Mchungaji alisema Njue alikuwa mtu wa siri na bidii. Watu walicheka kidogo. Mimi sikucheka.

Sijamsamehe. Nimejaribu. Aliniachia mashine nane nzima na akaninyima miezi mitatu. Ningezibadilisha zote kwa hiyo miezi. Alijua ningezibadilisha. Tunazunguka hapo hapo, mimi na yeye, na yeye hajibu.

Jumanne, 16 Novemba

Siku ya pili ya mtihani. Mashine zote zimefanya kazi. Namba tano imekoroma mwanzo mpaka mwisho. Nilisimama nyuma ya chumba bila kufikiri kitu.

Usingizi hakuna.

Ijumaa, 3 Desemba

Nimefunga chuo mpaka Januari. Mercy anataka tuongeze darasa la Jumamosi. Nimesema sawa. Kila kitu nasema sawa.

Jumapili, 12 Desemba. Gachoka

Mvua ilinyesha juzi. Mtama umetoa vichwa na ndege wamekuja kwa makundi. Mama mkwe hawezi kuwafukuza peke yake, kwa hiyo niko hapa tangu Jumatatu.

Amenipa upande wa juu. Amenipa kopo lenye mawe ndani na kamba ya kuvuta. Asubuhi nilikuwa navuta kila mara, akacheka, akanionyesha: unangoja watue, ndipo uvute. Mchana aliniletea viazi na maji. Tukala pamoja. Alinivua kitambaa kichwani, akakikung'uta vumbi, akanifunga tena vizuri zaidi.

Ndege walirudi saa tisa. Tulivuta pamoja, yeye chini na mimi juu. Wakapanda wote kwa mara moja, wakavuka barabara, wakatua shamba la jirani.

Kesho tunaanza mapema.